Pikipiki Nyekundu ya Apaloreng

Mmeniuliza mmoja mmoja tangu nirudi kwa nini sipandi pikipiki yangu, na kila mmoja nimempa jibu lake. Huyu nimemwambia barabara ilikuwa mbaya, yule nikamwambia tumbo liliniuma, na wewe Musa nilikuambia pikipiki ina shida ya betri. Haina. Naandika mara moja ili mpokezane, kwa sababu kila nikianza kusimulia kwa mdomo mnacheka mapema, na mambo haya yana mahali pake pa kuchekwa ambapo si hapo mnapochekea.

Nawarukisha mambo ya simu, matangazo na kadi ya umiliki. Mnajua nilichokuwa nikitafuta: si boda boda ya kubebea magunia, ila pikipiki kubwa ya safari, ile ambayo nusu yake ni ya mbio na nusu yake ni ya kukaliwa siku nzima. Kioo cha kukata upepo mbele, masanduku mawili ubavuni, kiti kipana, injini isiyochoka. Nilitaka kutoka Kitale hadi Kigali, na kutoka Kigali hadi nichoke. Mpya sikuweza hata kuiota. Kuukuu niliyoimudu kwa akiba yangu yote ilikuwa moja tu, na ilikuwa Kakuma. Pikipiki ya lami ilifikaje kwenye mchanga wa Kakuma? Mnaniita Profesa kwa sababu ya maswali yangu, lakini hilo sikuliuliza kabla ya kuondoka.

Kitale hadi Lodwar

Nilipanda lori la kabichi la Wafula, ambaye hupeleka mboga Lodwar kila wiki na huongea na lori lake kama mtu anayemsuta shemeji.

"Miaka minne ya fizikia," aliniambia tukiteremka Marich, "halafu unaenda kununua pikipiki jangwani. Hao walimu wako wakikuona?"

"Watanionea wivu."

"Watakuombea."

Kaskazini ya Kainuk tulisimama kwa muda wa saa saba nzima kwenye korongo la mchanga, laga kama wanavyoita kule. Anga lilikuwa safi kabisa, halina hata wingu la kuazima. Wafula alizima injini na kusema tungoje. Nikamuuliza tunangoja nini, kwani mbele kulikuwa na mchanga mkavu. Akaonyesha kidole upande wa milima. Nikashuka, nikasimama katikati ya laga kumwonyesha kwamba pamekauka. Ndipo nikausikia mvumo, kama watu wengi wanaoburuta magunia. Nilikimbia. Maji yalikuja ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba matawi, kiti cha plastiki na mbuzi mmoja ambaye kichwa chake kilikuwa juu ya maji, macho wazi, ametulia kama abiria.

Wafula alikuwa amekwisha kuwasha jiko. Alikata kabichi moja ya mzigo, akaikaanga na nyanya, tukala na chapati zake za jana.

"Umeona?" akasema. "Huku kitu kinaweza kukufikia hata kama hakijakunyeshea."

Nilimweleza habari za mabonde na mvua za milimani. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniomba chumvi.

Lodwar

Lodwar nilikaa siku mbili nikingoja msafara. Wakati ule magari ya kwenda Kakuma yalikuwa yanaenda pamoja, polisi mbele na polisi nyuma, na siku ya kuondoka ilijulikana asubuhi ya siku yenyewe. Joto la huko si la kusimulia. Ukitoka nje saa sita unahisi mtu amekuwekea mkono kichwani na hautoi.

Nilikuwa nikila kwenye hoteli moja karibu na stendi. Samaki mkavu wa Kerio, ugali, na mchanga kidogo ambao haumo kwenye bei. Mhudumu alikuwa dada mmoja, Esther, mwenye shanga nyingi shingoni juu ya fulana ya timu ya Kiingereza.

"Wewe naenda Kakuma kufanya nini?" aliniuliza siku ya pili.

"Kununua pikipiki."

"Ile nyekundu?"

Sikuwa nimetaja rangi. Nikaweka kijiko chini.

"Kakuma kuna pikipiki nyekundu ngapi?"

"Mingi."

"Sasa umejuaje yangu ni ipi?"

"Mtu ya Kenya hakuji mpaka huku kununua boda boda," akasema. Watu wa kule husema "Kenya" kama nchi ya jirani. "Atakuja kwa ile kubwa. Ya kengele."

Jibu lilikuwa na mantiki, nikalikubali. Nikauliza kengele gani. Akafuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.

"Hiyo pikipiki iko na mwenyewe."

"Najua. Ni Santino, Msudani wa kambini."

"Huyo nauza tu," akasema Esther. "Nikuongezee samaki?"

Kakuma

Santino alinipokea ng'ambo ya laga ya Tarach akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi kwenye mikunjo. Ni mtu mrefu kupita kiasi, ana msalaba wa mbao kifuani, na ana duka la sabuni, maturubai na kuchaji simu. Alinipeleka kwenye mkahawa wa Mhabeshi, tukanywa kahawa, akaniuliza habari za mama yangu, baba yangu, na mvua ya Kitale, na nilipotaja pikipiki akasema, "Malesh, kaka, kwanza kunywa," yaani si neno, tusiharakishe. Ilichukua vikombe vitatu.

Pikipiki ilikuwa nyuma ya duka chini ya turubai. Alipoifunua, nakiri moyo ulinipiga. Nyekundu ya pilipili iliyoiva, tangi halina hata mbonyeo. Kwenye usukani ilikuwa imefungwa kwa ukanda wa ngozi kengele ya chuma, ile ya kuvalishwa ng'ombe shingoni, nzito, imefuliwa kwa nyundo. Kofia ngumu ilikuwa imening'inizwa pembeni, ya kioo cheusi.

Nilikuwa nimekuja na orodha ya vitu vya kukagua, kurasa mbili. Santino alimwita fundi, Mkongomani aliyeitwa na wote Papa Dieudo, ambaye aliikagua kwa masikio tu, amefumba macho.

"Moteri iko muzuri," akasema. "Muzuri sana. Minaogopa kitu moja."

"Gani?"

"Batu hapa banapita, banaangalia ile pikipiki, habaondoe ata kioo. Kambi muzima banaiba ata kamba ya nguo ya mutu. Ile, hapana. Uliza sababu."

Nikamgeukia Santino. Ndipo nikapata historia. Rubani mmoja mzungu aliileta Lokichoggio zamani za ndege za msaada, kwa kuwa pale kulikuwa na kipande cha lami cha kuchezea. Alipoondoka alimwachia dereva wake, Mturkana. Huyo dereva aliiendesha kwenye mchanga na mawe miaka mingi, mahali ambapo fundi yeyote angekuambia haiwezekani. Mwisho alifika nayo Nadapal, mpakani, akamuuzia Santino, akavuka kwenda Sudan Kusini kwa miguu.

"Alikuuzia mwenyewe? Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa moto sana."

"Anaitwaje?"

"Watu wanamwita Apaloreng."

Papa Dieudo aliniuzia galoni ya oili mpya, akasema ile ya ndani imechoka, niimwage nikifika Lodwar bila kukosa. Nikaifunga nyuma ya kiti. Santino alitaka kuitoa ile kengele. Nikamwambia aiache, niliipenda. Hiyo ilikuwa akili yangu.

Kakuma kuelekea Lodwar

Niliondoka na msafara saa tano asubuhi, na kabla ya saa saba msafara ulikuwa umeniacha. Lami ya barabara ile ilikuwa imebaki visiwa visiwa, na magurudumu yangu yalikuwa ya lami. Kwenye mchanga nilishuka na kusukuma. Magari ya polisi ya nyuma yalinipita. Askari mmoja alitoa kichwa dirishani, akaitazama pikipiki, akarudisha kichwa. Hakuniambia niharakishe wala nirudi.

Basi nikawa peke yangu na ile sauti. Nilidhani injini ingeifunika kengele, lakini haikuifunika. Ilikuwa inalia chini ya injini, polepole, kwa mwendo wa mnyama anayetembea.

Mtu wa kwanza alikuwa mchungaji, amesimama kwa mguu mmoja kando ya barabara. Aliinua fimbo.

"Apaloreng! Ejok!"

Hiyo ejok ni salamu yao. Nikaitikia ejok, nikapita. Nikajieleza: kofia ni ya yule mtu, kioo ni cheusi, uso wangu hauonekani. Maelezo kamili. Wa pili walikuwa wanawake waliobeba kuni. Walitua mizigo yao chini, wote kwa pamoja, wakasimama wima. "Apaloreng." Hawakupiga kelele, walilitaja tu, kama mnavyoitikia jina darasani. Wa tatu, wa nne. Mahali pengine sikuona mtu, ila nyuma ya vichaka vya mathenge nilisikia jina likipokezwa mbele yangu, kutoka mdomo hadi mdomo, likienda haraka kuliko mimi.

Nikavua kofia, nikaifunga kwenye sanduku. Nikaendesha uso wazi, vumbi mdomoni, mchana kweupe. Mzee wa makamo aliyekuwa akinywesha ngamia alinitazama usoni, akaona wazi kwamba si mtu anayemjua.

"Apaloreng," akasema. "Nenda nyumbani. Watu nakungoja."

Nilipopita bonde la mikoma nikakuta matawi ya miiba yamewekwa katikati ya barabara. Mnajua maana yake huko. Nilisimamisha pikipiki nikiwa nimekwisha kuamua nitakachotoa kwanza: simu, halafu viatu. Akatoka mtu mmoja, kijana wa umri wetu, suruali ya kitambaa, kalamu mfukoni mwa shati.

"Pole kwa miiba," akasema. "Mimi ni Ewoi, nafundisha shule ya msingi pale. Hiyo ni pikipiki ya ndugu yangu. Zima, tusukume. Nyumbani ni karibu."

"Nimeinunua," nikasema. "Kihalali. Nina kadi."

"Hakuna mtu amesema umeiba."

Kwa Apaloreng

Boma lilikuwa la vibanda sita vya makuti ya mikoma. Tulipoisukuma kuingia, kengele ikilia kila gurudumu likigonga jiwe, watu walikuwa wamekwisha kukaa. Baba yao, Ewoi na huyo ndugu yake, alikuwa juu ya kigoda kidogo cha mbao ambacho wanaume wa kule hutembea nacho. Mbele yake, chini, mwanamke aliyekaa amenyoosha miguu, hana hata ushanga mmoja. Kwa mwanamke wa Kiturkana hilo linakugonga macho kama mtu asiye na nguo. Watoto wake wawili walikuwa na nywele ndefu zilizosokotana kwa vumbi.

Nilipewa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, yenye harufu ya moshi. Nilikunywa yote, wakaridhika. Kisha Ewoi akanieleza, na namwandika alivyosema.

"Hapa kwetu mwanaume anachagua ng'ombe moja. Dume. Anaipenda, anaikunja pembe, anaifunga kengele, anaimbia. Hiyo ndio inampatia jina. Ukisema Apaloreng umesema baba ya ile nyekundu. Ndugu yangu alipatia jina yake hii." Aligusa tangi kwa kucha. "Watu walicheka, halafu wakazoea. Amepotea mvua tatu. Sasa, mwanaume akikufa hiyo ng'ombe yake inachinjwa. Ikishachinjwa, bibi na watoto wananyolewa, kilio kinaisha, bibi anaweza kusimama atafute maisha. Akiru hapa hajanyolewa. Hatukuwa na mwili, hatukuwa na ng'ombe."

"Lakini hajafa," nikasema. Nilifurahi kabisa, niliona nimeleta habari njema. "Santino alinunua kutoka kwake mwenyewe. Alimshika mkono. Alikuwa hai, akavuka Nadapal."

Ewoi aliwatafsiria. Hakuna aliyefurahi. Baba yao akauliza swali moja fupi.

"Anauliza, aliuza na kengele?"

"Ndiyo. Kengele ilikuwepo."

Hapo ndipo mwanamke aliyekaa chini, huyo Akiru, alipoinua uso kwa mara ya kwanza. 

"Mwanaume hawezi kuuza ng'ombe yake ya jina," Ewoi akasema. "Anaweza kuuza zingine zote, auze na nyumba. Hiyo, hapana. Kama imeuzwa, na kengele, basi mwenyewe amekufa. Kama kuna kitu inatembea huko Sudan, hiyo ni miguu tu."

"Hiyo si mantiki," nikasema.

"Wewe ulimwona?" Ni Akiru aliyeuliza, kwa Kiswahili alichojifunza kwa kuuza kuni kambini.

"Mimi? Hapana."

"Basi," akasema.

Nilibishana, mnanijua. Nilitaja polisi, nikataja wale wanaotafuta jamaa za wakimbizi waliopotea, nikasema tupige simu Kapoeta, ng'ambo ya mpaka. Walinisikiliza kama Wafula alivyonisikiliza. Halafu baba yao alisema jambo, na mtu mmoja akaingia kibandani akatoka na mkuki.

"Anataka kuchoma hapa," Ewoi akasema, akionyesha ubavu wa injini. "Halafu utaenda nayo. Hatutaki pikipiki yako."

Nilisimama mbele ya pikipiki na kutandaza mikono kama kuku anayelinda vifaranga, na hapo mna ruhusa ya kucheka. Nikamweleza Ewoi kwamba ukichoma pale ni akiba yangu yote inayokufa, si ya ndugu yake. Alielewa. Lakini aliniambia, kwa sauti ya chini, "Ukiondoka hivi hivi, huyu mama atakaa chini mpaka azeeke. Umeona mwenyewe vile amekaa."

Nikamtazama Akiru. Kisha nikaikumbuka galoni ya Papa Dieudo.

Nikasema: injini ina damu. Ikitoka, injini imekufa, haiwezi kutembea hata hatua kumi. Mjadala uliofuata ulikuwa wa kitaalamu kuliko mihadhara niliyolipia. Baba yao alitaka kujua kwa nini damu isiwe petroli. Nikamletea zote mbili, matone kwenye kidole. Akanusa petroli, akatema mate. Akanusa oili nyeusi, akaisugua katikati ya vidole, akaonja.

"Anasema ile ingine ni maji ya kunywa," Ewoi akatafsiri. "Hii ndio damu."

Ilikuwa yapata saa kumi. Nililala chini na spana, nikafungua nati, na oili ilitoka ndefu na nyeusi, ikaingia mchangani bila sauti. Nawaambia nilichokuwa nikiwaza: oili hii ningeimwaga Lodwar hata hivyo. Sipotezi chochote. Niliona mimi ni mwerevu.

Ilipoanza kudondoka tone tone nikafikiri tumemaliza. Lakini baba yao aliweka kiganja juu ya injini, akatikisa kichwa. Ilikuwa bado moto. Mnyama mwenye joto hajafa. Tukakaa kungoja ipoe.

Sijui kama Kitale mliona vizuri jua likipatwa jioni ile. Mimi nilijua linakuja, nilisoma gazetini, lakini kwa mambo ya siku hiyo nilikuwa nimesahau. Kwanza niliona vivuli vya watu vimekuwa vikali kama vilivyokatwa kwa wembe. Halafu chini ya mgunga mmoja, kila tundu dogo la mwanga kati ya majani liligeuka mwezi mwandamo; mamia ya miezi midogo ikitetemeka mchangani, juu ya miguu ya Akiru, juu ya oili. Mwanga ukawa wa rangi ya shaba chakavu. Upepo wa mchanga ukainuka. Mbuzi wakaanza kurudi wenyewe kwa mstari, bila mtu kuwaita.

Niliruka na kuanza kuwaeleza, wasiogope: ni mwezi umepita mbele ya jua, ni hesabu tu, dakika chache.

"Tulisikia kwa redio," Ewoi akasema. "Jua litarudi. Hiyo ni mambo ya jua. Kaa chini."

Hakuna aliyetazama juu. Watu wote wa boma lile, katika giza lile la ajabu la saa kumi na moja na nusu, walikuwa wakiitazama injini. Nayo ilikuwa ikilia. Mnajua chuma kikipoa hulia: tik, tik. Nimeisikia mara elfu. Lakini pale kulikuwa kimya, na mlio ulikuwa ukipungua, kila mmoja ukingoja zaidi kuliko uliotangulia, na kila mmoja ulipokuja mtoto mmoja wa Akiru alishika mguu wa mama yake. Tik. Tukangoja. Tik.  Tukangoja, na haukuja mwingine.

Baba yao akaweka kiganja. Akakiacha hapo. Akakata ukanda wa kengele kwa kisu, akaijaza nyasi ili isilie tena, akaiweka mapajani.

Akiru alilia ndipo mwanga ukaanza kurudi. Hakulia kama mtu aliyepata habari mbaya. Alilia kama mtu aliyetua mzigo akagundua jinsi shingo inavyouma. Wakawanyoa watoto, kisha yeye, nywele zikaangukia kwenye oili. Alipita karibu nami akiwa kipara, akanishika kifundo cha mkono, akatema mate kidogo kiganjani mwangu. Ewoi akasema ni baraka, nisijifute.

Nilijaza oili mpya. Nililala hapo juu ya ngozi, na asubuhi injini iliwaka mara ya kwanza nilipobonyeza. Hakuna aliyegeuza shingo.

"Sasa ni chuma tu," Ewoi akaniambia. "Nenda salama."

Lodwar tena

Kipande kilichobaki niliendesha nikiwa nimevaa ile kofia ya kioo cheusi, makusudi. Nilikuwa nafanya jaribio. Nilipita wachungaji, wanawake wa kuni, watu wa ngamia. Wengine walikuwa kando kabisa ya barabara. Hakuna aliyeinua fimbo. Nilipiga honi; mmoja akageuka, akanitazama kama unavyotazama gari lolote, akaendelea na safari yake. Kengele haipo, nikajiambia. Ni kengele waliyokuwa wakiitambua. Maelezo kamili.

Kwenye hoteli Esther aliniletea samaki.

"Ulipata pikipiki?"

"Ile pale nje."

Akatazama dirishani kwa muda mrefu.

"Hiyo hapana," akasema. "Ile ilikuwa nyekundu."

Nikatoka, nikafuta vumbi kwenye tangi kwa mkono wangu wote. Ilikuwa nyekundu. Nikamwita aje aone. Akaja mpaka mlangoni, akaona, akainua mabega, akarudi ndani.

Kutoka Lodwar hadi Kitale sina la kusimulia. Kiti ni kizuri, kioo kinakata upepo, pale Marich kwenye lami nzuri inaimba. Ni pikipiki bora kuliko nilivyoomba.

Nyumbani

Wiki ya tatu tangu nirudi, mtu alinipigia simu mchana, nikiwa sokoni.

"Mimi ni Apaloreng," akasema. "Santino alinipatia namba."

Sauti ilikuwa ya kawaida, ya mtu mpole, mwenye kikohozi. Nilikaa juu ya gunia la viazi la mtu. Aliniambia alikuwa amelazwa ng'ambo miezi mingi, kifua. Aliuza pikipiki apate dawa. Kengele hakuitoa kwa sababu homa ilikuwa kali, mikono haikuweza kufungua ukanda. Amepona. Ameenda nyumbani.

"Walinipatia maziwa," akasema. "Kama mgeni. Baba aliniuliza natoka wapi. Watoto wangu wako kipara, wananiangalia. Ewoi anaongea na mimi Kiswahili."

Alitaka jambo moja: niende na pikipiki. Niiwashe mbele yao. Ikiwaka mbele yao naye akiwa ameikalia, watamjua.

Nilimwambia nitafikiri, nikampigia Ewoi, ambaye tulipeana namba asubuhi ile ya kuagana. "Kuna mtu kama huyo amekuja," Ewoi akasema, na sauti yake haikuwa sawa. "Anafanana. Kaka, wewe ndiye ulifungua kwa mkono yako, tukaona wote." Kisha simu ikachukuliwa, na nikasikia pumzi ya mtu mwingine.

"Usikuje," Akiru akasema. "Nimesimama sasa. Niko na meza yangu Kakuma, nauza. Ukikuja na hiyo kitu, mimi narudi chini."

Ndiyo maana mmeniona sipandi pikipiki, na ndiyo maana Kigali hajaenda mtu. Siku nne nilizunguka na hilo jambo. Nilijua kwamba mtu yuko hai, na kwamba nilijua tangu mwanzo. Niliwaambia kwa mdomo wangu kwamba yuko hai, halafu nikalala chini na spana kwa sababu nilitaka pikipiki yangu itoke nzima.

Alipiga tena. Safari hii hakuniomba niende. Alikuwa amefikiria jambo, na aliniuliza polepole, kama fundi anayemuuliza fundi.

"Ile oili. Ilitoka yote?"

Ninyi mnaoshika spana mnajua jibu. Oili haitoki yote kamwe. Ukimwaga siku nzima, kuna inayobaki kwenye kichujio, kwenye mishipa, chini ya kila kifuniko. Kichujio sikukigusa. Kuna kikombe kizima cha oili yake humo ndani hadi leo, kimechanganyika na yangu. Naye ameendesha injini ile miaka mingi. Alijua, alitaka tu nilitamke, apate la kwenda nalo nyumbani: kwamba damu haikwisha.

Nyuma ya sauti yake nilisikia mbuzi, na mtu akipita, hakumsalimia.

"Ilitoka yote," nikasema.

 Hakunibishia. Akanishukuru kwa Kiswahili safi, kama mgeni, akakata simu.